Watazamaji Wenye Upande: Midahalo ya Urais na Kumbukumbu ya Tabora

Mdahalo wa urais unaorushwa na televisheni, yaani kikao ambacho wagombea wa vyama tofauti hujibu maswali ya mwongozaji mmoja mbele ya kamera, huandaliwa kwa matumaini kwamba mpiga kura atawasikiliza wote kwa usawa, atazipima hoja zao, kisha ataamua. Matumaini hayo hayatimii kirahisi, kwa sababu watu wengi hufika mbele ya runinga wakiwa wameshachagua upande, na saa mbili za majibizano huwapa silaha za kuutetea upande huo kuliko sababu za kuuhama. Mara nyingi hali hiyo huelezwa kuwa ni ujinga wa wapiga kura au udhaifu wa demokrasia changa, maelezo ambayo hayawatendei watu haki wala hayaendani na ushahidi uliopo. Tabora, mji uliokuwa njiapanda ya misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji, na ambao mwaka 1958 ulishuhudia mjadala uliowageuza watu waliokuwa na misimamo mikali, unasaidia kulitazama suala hili vizuri zaidi, kwani historia yake inaonyesha kwamba ushabiki wa mtazamaji hutokana kwa sehemu kubwa na nafasi anayopewa katika mdahalo wenyewe: nafasi ya kutazama tu, bila kuulizwa lolote na bila kuwa na wa kumjibu.

Tanzania iliwahi kuwa na mdahalo kamili wa urais katika televisheni, nao ulifanyika mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo wa chama kimoja ulipoondolewa. Wagombea walikuwa wanne tu, na wote walihudhuria: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Lipumba, mchumi aliyezaliwa Ilolangulu katika mkoa wa Tabora, aliyachambua masuala ya uchumi kwa ufasaha uliosifiwa hata na watu wasiokuwa wa chama chake, na Mkapa naye alionekana mtulivu na mwenye kumudu hoja, ilhali Mrema, ambaye mikutano yake ya hadhara ilifurika watu na gari lake likasukumwa na vijana barabarani, hakung'ara katika ukumbi wa maswali kama alivyong'ara viwanjani. Kura zilipohesabiwa, Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4 na Cheyo 4.0. Kwa maneno mengine, aliyesifiwa kwa hoja aliachwa mbali na yule aliyedhaniwa kuzidiwa kwa hoja, na pengo kati yao lilikuwa la zaidi ya mara nne.

Haifai kudai kwamba mdahalo ule haukuwa na athari yoyote. Televisheni za Tanzania Bara zilikuwa zimeanza mwaka 1994 tu, zikionekana zaidi Dar es Salaam, na wakazi wengi wa Tabora hawakuwa na runinga ya kuutazama mdahalo huo. Kilichowafikia kilikuwa habari ya mdahalo, iliyosafiri kwa magazeti, kwa redio na kwa midomo ya abiria wa Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo wa njia ya misafara. Habari inayosafiri hivyo haifiki tupu, kwa kuwa kila anayeibeba huongeza hukumu yake, na kila anayeipokea huipokea kwa mtu anayemwamini. Mtaalamu wa sosholojia Paul Lazarsfeld, aliyewachunguza wapiga kura wa jimbo la Ohio nchini Marekani katika uchaguzi wa mwaka 1940, aliuita mwenendo huo mtiririko wa hatua mbili, akimaanisha kwamba ujumbe wa vyombo vya habari huwafikia kwanza watu wenye ushawishi katika jamii, kisha hao ndio huwafafanulia wengine. Tanzania ya mwaka 1995 ilikuwa na utaratibu wa kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu kuliko Ohio: mabalozi wa nyumba kumi, viongozi wa ngazi ya chini kabisa wa CCM, ambao walikuwapo katika kila kitongoji muda mrefu kabla vyama vya upinzani havijapata usajili. Mgombea mwenye hoja nzuri lakini asiye na mtu wa kuzifikisha kijijini alikuwa amezungumza na mji mmoja tu.

Hata pale ambapo kila mtu anatazama kwa macho yake mwenyewe, macho hayo hayaoni kitu kimoja. Mwaka 1951 timu za mpira wa Kimarekani za vyuo vikuu vya Princeton na Dartmouth zilicheza mechi iliyojaa rabsha, na baadaye wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile ya mechi hiyo, wakiwataka wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Watafiti wa siku hizi huuita mwelekeo huo fikra zinazoongozwa na matakwa, yaani hali ya akili kuutafutia uthibitisho ule msimamo ambao moyo umeshauchukua, na wamegundua pia kwamba watu wenye elimu na ujuzi mwingi wa siasa hawasalimiki, bali wakati mwingine huwa hodari zaidi wa kuupinda ushahidi kwa sababu wana maneno mengi ya kuupindia. Kwa hiyo anayemdharau mwanakijiji wa Uyui au Sikonge, wilaya za mkoa wa Tabora, kwa kuwa shabiki wa chama chake anapaswa kwanza kumtazama msomi wa mjini anavyotazama mdahalo.

Njia ya misafara yenyewe ina mfano wa kale wa jambo hili. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, alipokelewa na wafanyabiashara Waarabu waliokuwa katika vita na Mirambo, mtemi wa Urambo aliyekuwa ameifunga njia, na kutokana na masimulizi ya wenyeji wake Stanley alimwona Mirambo kuwa mnyang'anyi, hata akashiriki vita dhidi yake, vita ambavyo upande wa Waarabu ulishindwa. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo ana kwa ana, wakachanjiana udugu wa damu, naye akaandika habari zake kwa heshima kubwa. Ilichukua kikao cha uso kwa uso, ambacho ndani yake kila mmoja alikuwa na haja ya mwenzake, ndipo hukumu ya Stanley ikabadilika, ilhali maelfu ya maneno aliyoyasikia Tabora yalikuwa yameithibitisha tu ile ya kwanza.

Kwa Wanyamwezi na majirani zao Wasukuma, utazamaji wenye upande una historia yenye heshima, na si aibu ya kufichwa. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno kwa kucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi, kwa hiyo mtazamaji anayeacha upande huu na kwenda ule anapiga kura kwa miguu yake. Tofauti na mtu aliye mbele ya runinga, mtazamaji wa ngoma huathiri matokeo papo hapo, na anaweza kuhama bila kuonekana msaliti kwa kuwa uwanja mzima unatarajia kuhama huko. Hali hiyo haipo katika mdahalo wa televisheni, ambapo aliyetazama pamoja na wenzake wa chama akikiri kwamba mpinzani amejibu vizuri hujikuta peke yake chumbani.

Kenya imejaribu mara nyingi zaidi kuliko Tanzania. Mdahalo wake wa kwanza wa urais ulifanyika Nairobi tarehe 11 Februari 2013, ukiwakutanisha wagombea wote wanane na kurushwa na vituo vikuu kwa pamoja. Jambo lililotawala sehemu yake ya mwanzo lilikuwa kesi ya Uhuru Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Raila Odinga alipohoji nchi itaongozwaje kutoka The Hague kwa mawasiliano ya intaneti, neno hilo hilo moja likawa na maisha mawili: kwa upande mmoja lilikuwa swali halali kuhusu uwezo wa kutawala, na kwa upande wa pili liliingia katika kampeni iliyokuwa ikiieleza kesi yenyewe kuwa ni uingiliaji wa mataifa ya nje. Mwaka 2017 Kenyatta hakutokea na Odinga akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Odinga ndiye asiyetokea na William Ruto akasimama peke yake. Waliouita utoro wa mwaka 2017 kuwa ni woga walilazimika miaka mitano baadaye kuutetea utoro wa mtu wao, na waliokuwa wameutetea wakawa wa kwanza kuulaani.

Tanzania imekwenda mbali zaidi katika utoro huo. Mwaka 2010 CCM ilitangaza kwamba wagombea wake hawatashiriki midahalo, na mwaka 2015, katika uchaguzi uliokuwa na ushindani mkubwa kuliko wowote wa kabla yake, mdahalo ulifanyika bila wagombea wawili wakuu, John Magufuli na Edward Lowassa. Chama kinachojua kwamba wafuasi wake hawatahama hakioni faida ya kumpeleka mgombea wake akahojiwe, na hilo ni kosa dhidi ya wananchi ambalo halipaswi kupambwa kwa maneno ya mkakati, kwa sababu linamnyima hata yule mtu mmoja aliyekuwa tayari kusikiliza haki ya kusikia. Ushabiki wa watazamaji na utoro wa wagombea hulishana: kadiri watu wanavyosikiliza kwa upande, ndivyo wakubwa wanavyopata kisingizio cha kutokuja, na kadiri wasivyokuja, ndivyo watu wanavyobaki na sauti za upande wao pekee.

Ushahidi kwamba hali inaweza kuwa tofauti umetoka Sierra Leone. Katika uchaguzi wa mwaka 2012 midahalo ya wagombea ubunge ilirekodiwa na kuonyeshwa vijijini, watu wakitazama pamoja katika vituo vilivyochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na watafiti Kelly Bidwell, Katherine Casey na Rachel Glennerster waliwalinganisha wapiga kura wa vituo hivyo na wale wa vituo visivyoonyeshwa. Waliotazama walijua zaidi kuhusu wagombea na sera zao, na kura za aliyefanya vizuri kwenye mdahalo ziliongezeka kwa asilimia chache. Zaidi ya hapo, wabunge walioshinda baada ya kushiriki midahalo hiyo walijishughulisha zaidi na majimbo yao. Mkoa wa Tabora, ambao una redio zake zinazosikika hadi vijijini na ambao majimbo yake, kama Igunga katika uchaguzi mdogo wa mwaka 2011, yamewahi kuingia katika mivutano mikali ya vyama, ungefaa sana kwa jaribio la namna hiyo, kwani mbunge hujulikana kwa barabara na visima, na ushabiki hupungua makali pale msikilizaji anapoyafahamu mambo yanayosemwa kwa uzoefu wake mwenyewe.

Hata hivyo mfano ulio mkubwa kuliko yote hauhitaji kutafutwa nje ya Tabora. Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilifanya mkutano wake mkuu katika mji huo ili kuamua kama ishiriki uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria chini ya masharti ya kura tatu, utaratibu uliomlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, huku haki ya kupiga kura ikibanwa kwa vigezo vya kipato na elimu. Katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 8, masharti hayo yalikuwa ni matusi, na wajumbe wengi walikuja Tabora wakiwa na nia ya kuyasusia. Julius Nyerere, aliyeujua mji huo tangu alipokuwa mwanafunzi wa Shule ya Tabora na baadaye mwalimu wa St. Mary's, alikubali kwamba masharti yalikuwa maovu, kisha akadai kwamba kususia kungewaachia viti wapinzani wao wa United Tanganyika Party, chama kilichoungwa mkono na serikali ya kikoloni. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali kushiriki, na uamuzi huo hadi leo huitwa Uamuzi wa Busara. Uchaguzi ulipofanyika, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU, wakiwemo Derek Bryceson na Amir Jamal, waliibuka na ushindi.

Waliogeuka Tabora walikuwa wakereketwa, watu ambao kwa kipimo chochote cha leo wangeitwa mashabiki. Lakini kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusimama na kujibu, kila mmoja alijua kwamba mwishoni mwa mkutano atapiga kura itakayomfunga yeye pia, na kila mmoja alikuwa na tawi la kurudi kulieleza kwa nini ameondoka na neno moja na kurejea na lingine. Msemaji naye aliwatazama watu aliotaka kuwageuza, na hakuweza kuwakwepa kwa kutotokea. Si wote waliogeuka, kwani Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU, hakusadikishwa na hoja zile. Alijitoa TANU, akaunda African National Congress, na mwaka 1962, katika uchaguzi wa kwanza wa urais wa Tanganyika, akajitokeza peke yake kushindana na Nyerere na kupata chini ya asilimia 2 ya kura. Alishindwa vibaya, lakini alikuwa ameshindwa kwanza katika ukumbi ambamo hoja yake ilisikilizwa na watu waliokuwa na uwezo wa kuikubali, jambo ambalo wagombea wengi waliomfuata, na watazamaji wao, hawajalipata.