Kukataa kwa Amani si Vita: Funzo la Pwani ya Tanganyika kwa Wenye Sare

WAHENGA walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Maneno hayo huturudia kila tushikapo njia ya ziwa kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, mwendo wa zaidi ya kilometa 70, maji ya Tanganyika yakiwa mkono wa kulia, michikichi na vilima mkono wa kushoto. Katika pwani hii, ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu siku za misafara ya Ujiji, na ambako mvuvi, mkamuaji wa mawese na mchuuzi wa ndagala hukutana sokoni, historia imepata kumwona raia asiye na silaha akisimama mbele ya serikali na kusema kwamba amri fulani hataitii.

Mbele ya raia huyo husimama nani? Si gavana wala waziri. Husimama askari. Yeye ndiye atakayeamua, katika dakika chache, kama siku hiyo itakwisha kwa maneno au kwa damu. Kwa sababu hiyo tumeona vema leo kuzungumza na ndugu zetu wanajeshi na polisi juu ya ukaidi wa amani.

WANAWAKE WA BUYENZI

Katikati ya miaka ya 1950, Bujumbura ikiitwa bado Usumbura, Wabelgiji walitoza kodi ya pekee kwa wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa wanaishi bila mume. Walihesabiwa humo wajane na walioachwa. Walihesabiwa pia wake wa pili na wa tatu, kwa kuwa dola ya kikoloni haikuitambua ndoa ya mitala, hata kama ilifungwa mbele ya mashahidi kwa sheria ya Kiislamu.

Wanawake Waislamu wa mjini Usumbura waliikataa kodi hiyo waziwazi. Uzito wake haukuwa wa fedha peke yake. Kodi ile iliwaweka katika daftari moja na makahaba. Mjane aliyewazika wazazi wake na kuwalea wajukuu aliambiwa, kwa risiti yenye muhuri, kwamba heshima yake haipo. Wanawake hao hawakuwa na bunduki, wala hawakuwa na kiti katika baraza lolote. Silaha yao ilikuwa moja tu: kutolipa, na kueleza kwa nini hawalipi.

Hapo tunaona alama ya kwanza ya ukaidi wa amani. Mkwepa kodi hujificha mtoza ushuru apitapo. Mwenye kudai haki hutoka mlangoni, akakataa mchana kweupe, tena akawa tayari kuyapokea yatakayomfika.

KUSUSIA MADUKA

Mwaka 1960 jambo hilo lilipanuka. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, ambaye chama chake cha UPRONA kilikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Waswahili wa Usumbura, aliwataka wananchi wayasusie maduka ya Wazungu na wakatae kulipa kodi. Wabelgiji walimjibu kwa kumzuilia nyumbani huko Bururi, katika vilima vilivyo juu ya Rumonge, tangu mwisho wa Oktoba hadi Desemba. Uchaguzi wa halmashauri za wilaya ulifanyika naye akiwa kizuizini, na chama chake kikashindwa.

Jibu kubwa la UPRONA lilitolewa kwa kura. Tarehe 18 Septemba 1961 ilipata viti 58 kati ya 64 vya Bunge. Rwagasore akawa Waziri Mkuu, lakini tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo aliuawa kwa risasi katika Hoteli Tanganyika, mjini Usumbura. Aliyewaita watu wagome kwa amani aliangushwa na bunduki. Hata hivyo bunduki hiyo haikuuzuia uhuru, ambao ulifika tarehe 1 Julai 1962.

Wala hayo hayakuwa ya pwani yetu peke yake. Mwaka 1930 Gandhi alitembea hadi baharini Dandi kuokota chumvi, ili kuvunja sheria ya Waingereza iliyompa mkoloni ukiritimba wa kitoweo cha maskini. Huko Montgomery, Marekani, watu weusi walisusia mabasi kwa siku 381, tangu Desemba 1955, wakaenda kazini kwa miguu hadi mahakama ilipoufuta ubaguzi wa viti. Kususia hufanya kazi kwa njia nyepesi: hakuna dhuluma idumuyo bila mkono wa mdhulumiwa mwenyewe, na mkono huo unaweza kuondolewa bila kumpiga mtu.

PWANI ILIPOONJA SILAHA

Tusidanganyane, pwani hii inaijua njia nyingine pia. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wenye silaha walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya wakati ule haikuishia kuwasaka wauaji. Askari na vijana wa chama waliwakamata Wahutu nchi nzima, wakiwa na orodha mikononi: walimu, wanafunzi, makarani, hata askari wenzao. Waliouawa hukadiriwa kuwa 100,000 au zaidi. Wengine walivuka ziwa kukimbilia Tanzania, wasirudi kwa miaka mingi.

Msiba huo ulikuwa na pande mbili, na kila upande una funzo lake. Raia ashikaye panga huizika haki anayoidai. Naye askari asiyetofautisha mwenye kosa na asiye na kosa huacha kuwa mlinzi. Siku hiyo sare yake haimtofautishi na mhalifu.

WAJIBU WA MWENYE SARE

Basi afanye nini askari akikuta watu wameketi barabarani na kukataa kuondoka? Kwanza, atazame mikono yao. Mikono mitupu haijibiwi kwa risasi. Kanuni za Maadili ya watekelezaji wa sheria, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 1979, zinasema nguvu zitumike pale tu inapolazimu kabisa, na kwa kiasi cha kazi iliyopo. Zinamhusu hata mwanajeshi anapofanya kazi ya polisi. Tena zinakataza mateso, na haikubaliki kujitetea kwa kusema, "Niliamriwa na mkubwa wangu."

Pili, mkutano usio na kibali si vita. Misingi iliyokubaliwa mjini Havana mwaka 1990 inaelekeza kwamba mkusanyiko usio halali lakini usio na fujo utawanywe bila nguvu, na ikishindikana, kwa nguvu ndogo kabisa. Maana yake kwa lugha ya kazini ni hii: toa onyo linalosikika, toa muda, acha njia ya kutokea. Akibaki wa kukamatwa, akamatwe bila kipigo, jina lake liandikwe, afikishwe mbele ya hakimu. Kama sheria aliyoivunja ni mbovu, hakimu na Bunge watasema. Tatu, akitokea mmoja wa kurusha jiwe, ashughulikiwe yeye. Wenzake mia waliotulia wasilipe deni lake.

Tunajua kazi hiyo ni nzito. Kutukanwa na kunyamaza ni kugumu kuliko kufyatua risasi, na hasira ni hasara. Lakini askari hukaa miongoni mwa watu. Jioni huvua sare, akaenda kununua ndagala sokoni, na muuzaji huenda ni mjane. Akiwa asubuhi alimkamata mjane huyo kwa heshima, jioni wataweza kutazamana usoni.