Alivunjwa mkono kwa chuma, akarudi kuwa malkia wa mawimbi

MWISHONI mwa 2010 Stephanie Gilmore alikuwa na kila sababu ya kutabasamu. Akiwa na umri wa miaka 22 tu, raia huyo wa Australia alikuwa ametwaa taji la dunia la kuteleza kwenye mawimbi mara nne mfululizo.

Kisha Desemba mwaka huo, akiwa nje ya nyumba yake, akavamiwa na mwanamume asiyemjua na kupigwa kwa chuma. Alishonwa kichwani, na mkono ukavunjika kwenye kiwiko cha kiganja.

Kwa mchezo huu, mkono ni kila kitu. Mteleza mawimbi hulala kifudifudi juu ya ubao, akapiga maji kwa mikono hadi wimbi limbebe, kisha hujisukuma kwa viganja na kusimama kwa kasi. Mkono ukikulemea hapo, umeanguka.

Msimu wa 2011 taji likamponyoka, likaenda kwa Carissa Moore wa Hawaii aliyekuwa na miaka 18. Wengi wangekata tamaa. Gilmore alirudi majini, na 2012 akalitwaa tena. Akaongeza la 2014 na la 2018, la saba, na kumfikia Mwaustralia mwenzake Layne Beachley.

Gilmore alizaliwa Januari 1988 mjini Murwillumbah, jimbo la New South Wales. Mnamo 2005, akiwa na miaka 17, alialikwa tu kushiriki mashindano ya Gold Coast, na mgeni huyo akaondoka na ushindi. Alipojiunga rasmi na ligi ya dunia 2007, alibeba taji msimu wake wa kwanza.

Lakini pesa je? Kwa miaka mingi mabingwa wa kike walilipwa kiasi kidogo kuliko wanaume. Juni 2018, picha kutoka mashindano ya chipukizi mjini Ballito, Afrika Kusini, ilizua gumzo mtandaoni: mshindi mvulana ameshika hundi ya randi 8,000, msichana randi 4,000. Mawimbi yale yale, bahari ile ile! Miezi michache baadaye, ligi ya dunia (WSL) ilitangaza kwamba kuanzia 2019 zawadi zingekuwa sawa.

Si kwamba kila kitu kilimnyookea. Kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021, mara ya kwanza mchezo huu kushirikishwa, alibanduliwa mapema na Bianca Buitendag wa Afrika Kusini, aliyeishia kutwaa fedha.

Septemba 2022 alifika fainali za California akiwa nambari tano, nafasi ya mwisho kabisa ya kufuzu. Kwa mpangilio wa fainali hizo wakati huo, aliyeongoza alikaa akisubiri, huku wa tano akilazimika kuwapiga wote waliomtangulia. Gilmore, akiwa na miaka 34, aliwapepeta watatu siku hiyo hiyo, kisha akakutana na nani? Carissa Moore, yule yule wa 2011, sasa bingwa wa Olimpiki.

Alimlaza 2-0. Taji la nane, ambalo hakuna mwanamke mwingine amewahi kufikisha.

Kwa hivyo ukijipata nambari tano, usifunge virago. Bado uko fainali.