Muhogo mchungu: maji kwanza, moto nyuma



Asubuhi za baridi hapa Bukavu, mafuta ya mawese yanaganda ndani ya chupa. Ukiyasogeza karibu na mbabula yanayeyuka, yanakuwa sawa vile yalikuwa jana. Chumvi nayo: iyeyushe ndani ya maji, chemsha mpaka maji yaishe, utaikuta chini ya sufuria. Mabadiliko ya namna hiyo yanarudi nyuma. Lakini yai likishaiva haliwi tena bichi, na kuni zikishakuwa makala hazirudi kuwa kuni.

Kwa wale tunaolima muhogo mchungu, tofauti hii inagusa afya ya watoto wetu.

Muhogo una sumu inayoitwa sianidi. Katika muhogo mzima sumu hiyo imefungwa, ni kama iko chini ya kufuli. Ufunguo wake uko ndani ya muhogo huohuo lakini umekaa pembeni. Wataalamu wanauita enzimi. Tunapomenya, kukata, kutwanga au kuloweka muhogo, ufunguo unakutana na kufuli. Sumu inafunguka, inakuwa hewa na kupaa. Ikishapaa hairudi. Sombe tunalitwanga vizuri kwa sababu hiyohiyo.

Sasa angalia jua na moto vinafanya nini.

Jua linaondoa maji. Muhogo ukikauka haraka, ufunguo unalala kabla ya kumaliza kazi, na sumu nyingi inabaki. Lakini maji yakirudi, ufunguo unaweza kuamka.

Moto ni jambo lingine. Joto la maji yanayochemka linaharibu ufunguo kabisa, na hakuna maji ya kuuamsha. Kufuli yenyewe haivunjiki kwa urahisi katika moto. Njo maana bugali ya unga ambao haukulowekwa inaweza kuiva vizuri, ikanukia vizuri, na bado ikabaki na sumu. Inafungukia tumboni.

Matokeo yake yanajulikana katika Kongo yetu tangu zamani. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo huko Kwango. Kivu Kusini pia imeonekana, kule Burhinyi katika teritori ya Mwenga. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla, mara nyingi kwa watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Konzo hairudi nyuma: mtu anabaki na kilema maisha yote. Inakuja zaidi wakati wa vita, kukimbia na njaa, watu wanapofupisha siku za kuloweka na kula bugali bila kitoweo cha maana.

Basi tufanye hivi:

1. Menya muhogo, uloweke siku tatu mpaka nne, mpaka ulainike vizuri. Huku kwetu milimani kuna baridi, unaweza kuhitaji siku zaidi. Usihesabu siku tu, bonyeza kwa kidole.

2. Mwaga maji ya kuloweka. Kisha anika juani mpaka ukauke kabisa. Ukiona ukungu, usisage: kuanika tena hakuondoi sumu ya ukungu.

3. Kama una wasiwasi na unga ulionunua, amsha ufunguo uliolala. Tia unga katika beseni, weka alama ndani pale unapofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, endelea mpaka urudi kwenye alama. Tandaza juu ya mkeka, unene usipite sentimita 1. Acha saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu songa bugali siku hiyohiyo. Njia hii ilitengenezwa na Howard Bradbury na wenzake huko Australia, na imetumika katika vijiji vya Kongo. Haichukui nafasi ya kuloweka, ni ulinzi wa ziada.

4. Kula bugali pamoja na maharagi, sambaza au mayai. Vyakula hivyo vinasaidia mwili kutoa sumu kidogo inayobaki.

Kwa kooperative zinazouza unga: mnunuzi wa soko la Kadutu anaangalia weupe, na weupe hauonyeshi sumu. Kubalianeni siku za kuloweka, na asiyezitimiza muhogo wake usichanganywe na wa wengine. Gunia moja likishamwagwa katika rundo, hakuna wa kulitenganisha.