Pumzi Mbele ya Waamuzi

Katika mji wa Paris, Ufaransa, kuna chuo kikubwa cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1795. Kwa ajili ya mtihani wa mwaka 1910, Claude Debussy alitunga muziki wa klarineti na piano, udumuo dakika nane hivi. Kila mwanafunzi wa klarineti alisimama mbele ya waamuzi, Debussy mwenyewe akiwa miongoni mwao. Muziki huo waanza polepole, kwa sauti nyororo. Hapo pumzi ikitetemeka, kila sikio latambua. Wepesi wa vidole haumwokoi asiyeitawala pumzi yake. Nasi twawaambia vijana wapulizao tarumbeta parokiani: zoezi la sauti ndefu, ingawa lachosha, msiliache hata siku moja. Mungu ametupa pumzi. Kuizoeza ni kazi yetu.