Je, Mkristo Analazimika Kuamini Kwamba Dunia Ni Bapa?



Ndugu msomaji, sisi mafrateri tunaporudi likizo maparokiani, iwe Mbagala au Tegeta, vijana hutuuliza mambo ambayo hayamo katika katekisimu. Mojawapo ni umbo la dunia. Video zinazozunguka kwenye simu zinadai kwamba dunia ni bapa, imefunikwa na anga kama chakula kwa kawa, na kwamba anayesema ni tufe ameikana Biblia. Kwa kijana aliyesoma jiografia huo ni mtego: amchague mwalimu wake au Mungu wake. Tunamhofia hasa yule atakayemchagua mwalimu.

Dai hili si geni. Katika karne ya 6, Kosma wa Aleksandria, aitwaye Indicopleustes, mfanyabiashara aliyefika hadi bandari ya Aduli katika Eritrea ya leo na kuitaja bahari ya huku kwetu kwa jina la Zingion, aliandika kitabu kiitwacho Topografia ya Kikristo. Humo alitetea kwamba ulimwengu umejengwa kama ile hema ya Musa: sakafu bapa, kuta, na paa juu. Alikuwa msafiri wa kweli, lakini Kanisa halikumfuata.

Sisi tunaosoma falsafa tunalikuta jambo hili mwanzoni kabisa mwa Summa Theologiae. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaeleza kwamba elimu mbili zaweza kufikia ukweli mmoja kwa njia tofauti, na mfano anaoutoa ni mtaalamu wa nyota na mtaalamu wa maumbile, ambao wote wawili huthibitisha kwamba dunia ni mviringo. Habishani na mtu. Anachukua mfano ambao msomaji wake anaukubali tayari, na hiyo ni karne ya 13, kabla ya roketi na kabla ya NASA inayolaumiwa kwenye video hizo.

Na zile pembe nne za dunia katika Ufunuo 7:1? Ni lugha ya watu, kama sisi tunavyosema jua limezama bila kudhani kwamba limelowa. Papa Leo XIII alilifafanua hilo mwaka 1893 katika waraka wake Providentissimus Deus: waandishi watakatifu hawakukusudia kufundisha maumbile ya vitu vinavyoonekana. Mtakatifu Augustino alikuwa ameonya mapema zaidi kwamba Mkristo akisema upuuzi kuhusu anga, asiyeamini atamcheka, kisha atakataa kumsikiliza anapofika kwenye ufufuko wa wafu.

Hata hivyo, anayeuliza "mbona mimi naona bapa?" hatendi dhambi. Anastahili jibu. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371 hivi, nawe ukisimama ufukweni Kunduchi upeo wa macho yako uko kilomita 5 tu, hata haizifiki. Kipande hicho ni kidogo mno kwa jicho kuona mpindo. Lakini tazama jahazi linalokwenda mbali siku ya anga safi: hutangulia kupotea mwili wake, tanga linabaki. Tena, Nyota ya Kaskazini, ambayo mtu wa Cairo huiona kila usiku usio na mawingu, hapa Dar es Salaam haionekani kamwe, kwa sababu iko chini ya upeo. Juu ya dunia bapa ingepaswa kuonekana kote.

Kuna pia hoja ya Aristotle ya kivuli cha dunia juu ya mwezi. Umeme ukikatika, washa tochi ya simu umulike sahani ukiigeuzageuza: kivuli ukutani mara ni duara, mara ni chembamba kama kisu. Weka chungwa badala yake, na kila upande utapata duara. Kivuli cha dunia kila mara huwa na ukingo wa duara, kama walivyoona waliopata anga safi tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa wote. Utapatwa tena wote tarehe 31 Desemba 2028. Kati ya saa 2:30 na saa 3:30 usiku kivuli kitakuwa kinauachia mwezi taratibu, muda ambao wengi wetu tutakuwa tunajiandaa kwenda Misa ya mkesha.