Uvimbe wa Ala ya Mshipa wa Fahamu na Mkono wa Mchuma Chai

Kuchuma majani mawili na chipukizi lake, kazi iliyowalisha watu wengi wa Kericho na Bomet tangu makampuni ya Kiingereza yalipoanza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, ni amali ya kidole gumba na kidole cha shahada; na vidole hivyo, kwa sehemu kubwa, hupata hisia zake kwa mshipa mmoja wa fahamu upitao katikati ya kifundo cha mkono. Uvimbe ukiota hapo, hata usipokuwa saratani, si jambo hafifu kwa mchuma chai.

Mishipa ya fahamu imevikwa ala iliyofanywa kwa seli zenye jina la Theodor Schwann, mtaalamu wa Kijerumani wa karne ya 19. Kwa nadra seli hizo huzaana kupita kiasi zikafanya donge liitwalo shwanoma, ambalo hukua polepole, aghalabu kwa miaka. Ukilisukuma, huenda kando huku na huku, wala halifuati urefu wa mkono. Ukiligonga taratibu, mgonjwa hushtuka kwa msisimko unaokimbilia vidoleni. Tabibu asiyejaribu hayo hulidhania kuwa ni mafuta tu, akalikata pamoja na mshipa, na madhara ya kisu hicho, kwa rai yangu, huwa makubwa kuliko ya uvimbe wenyewe.

Mpasuaji stadi hupasua ngozi kidogo tu, akautazama mshipa kwa hadubini, kisha akaugusa utando wa donge kwa umeme hafifu: kidole kikicheza, hapo hapakatwi, kikitulia, hapo ndipo apasuapo kwa urefu, na donge likatoka zima kama kokwa ya tunda lililoiva. Hayo huwezekana kwa kuwa shwanoma huzisukuma nyuzi kando, kinyume cha nyurofibroma, ambayo husokotana nazo na ni shida kuitenga. Shwanoma ziotazo kifuani karibu na uti wa mgongo huweza kuondolewa kwa kamera ipitishwayo katika matundu machache baina ya mbavu.

Huko Bomet iko Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, ambayo leo hufunza madaktari wapasuaji. Ila mchuma chai mwenye donge huanzia zahanati ya shamba, na hapo ndipo lipaswapo kugongwa kwa kidole kabla kisu hakijatajwa. Na likisha kutolewa, lipelekwe maabara lichunguzwe, lisitupwe.