Ekzosi mbili au midomo miwili?

NENO ‘mbili’ hufunzwa watoto kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, na sidhani kuna mtu aliyewahi kulifungulia kamusi. Hata hivyo, ni neno hili jepesi lililozua mzozo kati ya mpwa wangu na fundi mmoja wa magari hapa Nairobi. Mzozo wenyewe ulifika mezani pangu kwa kuwa wote wawili waliamini kwamba mwalimu wa Kiswahili ndiye angeamua nani kasema kweli.

Mpwa wangu ana Subaru Impreza WRX, gari ambalo vijana wetu wamelipenda tangu enzi liliposhinda mbio za Safari Rally. Alimwagiza fundi amwekee ‘ekzosi mbili’. Fundi akalikata bomba karibu na ekseli ya nyuma, akachomelea tawi, na gari likatoka gereji likiwa na midomo miwili inayong’aa, mmoja kushoto na mwingine kulia. “Mjomba, mimi niliagiza mbili,” kijana akanilalamikia. “Huyu amenipa moja iliyogawanywa.” Nilipompigia fundi simu, alijibu bila kusita: “Mzee, njoo uhesabu mwenyewe. Si ni mbili hizo?” Pesa zilizolipwa zingetosha karo ya muhula mzima ya mdogo wake kijana, kwa hiyo suala halikuwa la mzaha.

Tuanze na nomino yenyewe. ‘Ekzosi’ ni neno la mkopo lililoingia katika ngeli ya I-ZI, na kama nomino nyingi za ngeli hiyo, halibadiliki umbo katika wingi: ekzosi hii, ekzosi hizi. Katika mazungumzo ya gereji, neno hili hubeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Mtu akisema ‘ekzosi yangu imetoboka’, huenda anamaanisha bomba, sailensa au kiungo kati ya hivyo viwili. Akisema ‘ekzosi yangu inang’aa’, bila shaka anamaanisha mdomo wa nyuma tu, kwa kuwa hakuna anayelala chini ya gari kutazama kilichobaki. Kwa hivyo fundi alihesabu midomo, naye kijana akahesabu mabomba. Kisarufi, kila mmoja ana haki.

Ili kujua kama kijana angeweza kupata alichokitaka, ni lazima tufuate safari ya moshi kutoka ndani ya injini. Pistoni inapopanda katika mpigo wa nne, vali hufunguka na gesi iliyoungua huchomoka kwa kishindo. Haitoki kama maji ya mfereji, mfululizo na kwa utulivu. Hutoka kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine. Mapigo hayo hukusanywa na manifoldi, yakapitia kikasha cha kichocheo kinachopunguza sumu, yakaingia katika sailensa, ndipo yakatoka nje. Sailensa nyingi zina vyumba na vibomba vyenye matundu ambamo mawimbi ya sauti hurudishwa nyuma yagongane na mengine na kuzimana. Nyingine zimejazwa sufi ya kioo inayofyonza sauti.

Sasa fikiria gari kama Ford Mustang yenye injini ya V8. Silinda 4 ziko upande mmoja, 4 upande wa pili, na kila upande una manifoldi yake. Hapo ni jambo la kawaida kabisa kuteremsha mabomba mawili kutoka kwenye injini hadi nyuma, kila moja na sailensa yake. Mafundi huyaunganisha njiani kwa kivuko chenye umbo la H au X ili mapigo ya pande mbili yasawazike, na sauti hubadilika kulingana na kivuko kilichotumika. Hiyo ni ekzosi mbili kwa maana halisi.

Injini ya WRX ya mpwa wangu ni ya aina nyingine. Ina silinda 4 zilizolala, 2 kila upande, nazo hupigana ngumi kama mabondia. Kwa macho tu, mtu angedhani kwamba pande mbili zinaruhusu mabomba mawili. Lakini kuna turbo, na ni moja. Gesi za pande zote mbili ni sharti zikutane kabla ya turbo hiyo, zizungushe gurudumu lake, kisha zitoke zikiwa mkondo mmoja. Baada ya hapo hakuna tena gesi ya kushoto na gesi ya kulia. Hata ukilazimisha mabomba mawili kuanzia hapo hadi nyuma, yatakuwa yamegawana mkondo uleule. Kwa gari lile, alichofanya fundi ndicho kilichowezekana. Kosa lake, kama ni kosa, ni kutoeleza jambo hili kabla ya kupokea pesa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa kuliko lugha tulikokopa neno lenyewe. Kiingereza hutumia istilahi moja kwa mipangilio yote miwili, kisha kikalazimika kuongeza neno ‘kweli’ ili kutofautisha. Sisi tuna ‘panda’. Simaanishi kitenzi cha kukwea wala cha kutia mbegu ardhini. Namaanisha nomino ya kitu kilichogawanyika mwishoni kama mti wa manati, tuliyo nayo katika ‘njia panda’. Bomba moja linalogawanyika nyuma ni ekzosi ya panda. Mabomba mawili yanayoondoka kwenye injini na kusafiri ubavu kwa ubavu ni ekzosi sambamba. Isitoshe, panda ni pia baragumu, ile pembe inayopulizwa, na yeyote aliyepitwa na vijana hawa usiku wa Jumamosi atakubali kwamba maana hii nayo haiko mbali sana na mada.

Kuna wanaopendekeza ‘ekzosi pacha’. Sina ugomvi mkubwa nao, ila pacha hudokeza kufanana tu, nasi tunataka kujua asili. Mapacha wa nyuma ya gari wanaweza kuwa wa panda au wa sambamba. ‘Ekzosi jozi’ ina tatizo hilohilo. Nao ‘mbili mbili’, kwa kuwa takriri hii huleta maana ya ugavi, ningeihifadhia magari kama WRX STI ya kuanzia 2008, ambayo yalitoka kiwandani na midomo minne, miwili kila upande.

Ninalolipinga kabisa ni ‘maradufu’. Nimeliona katika tangazo moja: ‘ekzosi maradufu, nguvu maradufu’. Maradufu ni neno la kuzidisha. Zamani liliitwa hivyo hata kitambaa kizito cha pamba. Kwa hivyo linaahidi kwamba kitu kimeongezeka mara mbili. Je, njia ya moshi imeongezeka mara mbili? Tufanye hesabu ya darasa la nane. Eneo la tundu la bomba hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Bomba moja la inchi 3 lina 3 mara 3, yaani 9. Mabomba mawili ya inchi 2 yana 4 jumlisha 4, yaani 8. Bomba moja nene limeyashinda mawili membamba! Tena mabomba mawili yana kuta nyingi zaidi za kukwaruzana na gesi, na uzito zaidi. Ukitumia mawili ya inchi 2.5 utapata 12.5, lakini kama yanalishwa na bomba moja la inchi 2.5 huko mbele, upana huo wa nyuma haukusaidii sana. Koo la chupa limebaki lilelile.

Kuhusu nguvu, vijana watanivumilia. Kubadilisha sehemu ya nyuma tu ya ekzosi, kuanzia baada ya kichocheo, huleta nyongeza ndogo ya nguvu, mara nyingine isiyohisika bila kipimo. Mafundi wengi hushikilia kwamba injini ‘inataka kuzuiliwa kidogo’ ndipo ivute. Maelezo hayo yamekaa vibaya. Katika injini isiyo na turbo, kinachotakiwa ni kasi ya gesi: bomba likiwa pana mno, gesi hupoteza mwendo, na mpigo uliotangulia haufyonzi vizuri ule unaofuata. Ndiyo maana gari huonekana limelegea likiwa kwenye mzunguko wa chini. Katika injini ya turbo, kulegeza njia baada ya turbo kwa kawaida husaidia, lakini kuna hatari yake: turbo yaweza kuzunguka kuliko ilivyokusudiwa na shinikizo la hewa likapita kipimo. Anayefungua njia kwa kiasi kikubwa bila kurekebisha programu ya kompyuta ya gari anaihatarisha injini.

Basi watu hununua nini hasa? Sauti. Mpwa wangu aliniambia waziwazi, “Mjomba, sauti ndiyo mambo yote.” Nami sioni haya kukiri kwamba sauti ya Subaru zile ni tamu. Chanzo chake si midomo miwili. Katika WRX za injini ya EJ, turbo imekaa upande mmoja, kwa hiyo gesi ya upande wa pili husafiri mwendo mrefu zaidi kabla ya kukutana na mwenzake. Mapigo hufika yakiwa hayakupangika sawasawa, na ndiyo ule mngurumo wa kudundadunda unaotambulika hata ukiwa chumbani. WRX za baadaye zenye injini ya FA20 zimepoteza sehemu kubwa ya mdundo huo kwa sababu njia zao zimesawazishwa, na hakuna idadi ya midomo itakayourudisha.

Ninakuja sasa kwenye jambo ambalo halina mzaha. Katika kazi hizi, baadhi ya gereji hupendekeza kichocheo kiondolewe ‘ili gari lipumue’. Ndani ya kikasha kile mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa, na mteja anapoambiwa kwamba hakina kazi, aulize kitaenda wapi kikishatolewa. Kazi yake ipo: hugeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi, hugeuza mafuta ambayo hayakuungua kuwa maji na kaboni dioksaidi, na huvunja oksidi za nitrojeni. Kikiondolewa, kihisi cha oksijeni kilicho nyuma yake hulalamika na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Wapo wanaoizima taa hiyo kwa ujanja. Sumu haizimiki.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huing’ang’ania damu kuliko oksijeni inavyoing’ang’ania. Kiungo kilichochomelewa vibaya chini ya sakafu, au mdomo mfupi usiofika ukingo wa bampa, unaweza kuirudisha ndani ya gari, hasa katika magari yenye mlango wa nyuma unaofunguka juu na ambao mpira wake umechoka. Wanaokaa nyuma mara nyingi ni watoto. Abiria wakianza kuumwa na kichwa na kusinzia, kisha wakapata nafuu wakishuka, msifikirie ni uchovu wa safari. Fungueni madirisha, simamisheni gari, na mwite fundi.

Sheria nayo ipo. Kanuni za trafiki hutaka gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na kuna kanuni za 2009 kuhusu kelele na mitetemo zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira. Kwa hiyo, fundi akisema ‘tutoe sailensa, tuweke bomba tupu’, anayetafutiwa matatizo ni mwenye gari.

Suala la chuma nitaligusa kidogo kwa sababu nalo ni la lugha. ‘Chuma kisichoshika kutu’ ni kauli pana. Daraja la 304 hustahimili vizuri na kwa kawaida sumaku haishiki. Daraja la 409 lina kromiamu kidogo, sumaku hushika, na baada ya muda uso wake huingia kutu, ingawa hudumu kuliko chuma cha kawaida. Ukilipia 304, nenda na sumaku ndogo mfukoni. Iguse sehemu iliyonyooka, si penye pindo au mchomo, kwa kuwa hata 304 ikikunjwa inaweza kuvutwa kidogo. Ukipewa 409 kwa bei ya 409, hujadhulumiwa.

Mpwa wangu na fundi wake waligawana hasara kwa mapatano ambayo sikuhusishwa nayo. Kwa wengine wanaopanga kwenda Grogan au Barabara ya Kirinyaga, ningewaomba waandike agizo namna hii kabla ya kutoa shilingi: “Ekzosi ya panda, bomba moja la inchi 3 kuanzia baada ya kichocheo, kichocheo kisiguswe, sailensa mbili nyuma, midomo miwili inayopita ukingo wa bampa, chuma cha 304, viungo vyote vipimwe uvujaji gari likiwa linanguruma.” Fundi akiuliza panda ni nini, mchoreeni manati.